Kipimo cha Kikaushio cha Pili

"Usilaumu moto kabla ya kupima kipimo." Mmeisikia leo kwa mama yenu mkacheka, eti methali gani hii haina fisi wala jembe! Haya, sogeeni. Ilianza hivi.

Zamani, kiwanda cha chai cha kule mlimani kilipokuwa hai, harufu ya majani yaliyokaushwa ilishuka hadi mabondeni. Waliobaki wakiikumbuka, moyo huwauma. Mchochea moto wa kikaushio cha pili alikuwa Shekiondo. Kwa miaka kumi na minane alitia kuni akitazama mshale wa kipimajoto: ukishuka anaongeza, ukipanda anapunguza.

Wiki moja chai yake ikaanza kutoka imeungua. Pua ilimwambia moto umezidi, lakini mshale ulisema joto limepungua. Nani abishane na mtambo? Akaongeza kuni, na chai ikazidi kuungua.

Siku ya tatu msimamizi, Bwana Mhando, alimwita mbele ya wenzake. "Mzee, umri umekushinda. Kesho usije."

Masikio yalimwaka Shekiondo kwa aibu. Kazi angepata nyingine, hata ya kulima. Lakini kuitwa mchoma chai mpaka kaburini, hilo hakuliweza.

"Mwanangu," akasema, "hapa tuko watatu: mimi na moto wangu, feni inayopuliza joto, na hicho kipimo. Umenihukumu mimi. Hao wenzangu wawili umewauliza?"

"Kipimo hakisemi uongo, mzee."

"Basi changu kipeleke kikaushio cha kwanza, cha kule kije huku. Kitu kingine chochote kisiguswe. Chai yangu ikiungua tena, nitaondoka bila kuagwa."

Vikabadilishwa. Feni ile ile, kuni zile zile, mikono ile ile. Kufika saa saba mchana chai ya Shekiondo ilitoka safi, inanukia. Kwenye kikaushio cha kwanza, kwa mchochea moto aliyesifiwa kila siku, moshi ulitanda! Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na kipimo.

Mhando aliokota jani lililoungua, likamvunjikia kiganjani. "Nisamehe, mzee wangu. Nimekuhukumu kwa ushahidi wa mwongo."

"Tulidanganywa sote," Shekiondo akajibu. "Hata mimi nilikitii, na pua ninayo." Akarudi kwenye moto wake akilia waziwazi.

Kiwanda kilishafungwa, mabati yameliwa na kutu. Lakini hadi leo, mtoto akishtakiwa, wazee wa kule hawakimbilii fimbo. Humgeukia kwanza aliyeleta habari, wakamtazama vizuri, kisha husema: usilaumu moto kabla ya kupima kipimo.