Divai ya Matika

Matika wa Dodoma alisifika kwa divai tamu ya zabibu za kuanikwa, iliyotiwa pombe kali na kulazwa pipani. Tajiri Chibago akabandika jina la Matika kwenye chupa zake mwenyewe.

"Ushahidi uko wapi?" alimcheka Matika alipolalamika. "Divai tamu zote ni moja!"

Siku ya mnada wa divai hiyo, Matika alimpigia Chibago magoti mbele ya wateja. "Bosi, usiiuze divai yangu! Pipani tumekuta panya ameoza!"

Wateja waliokuwa wakionja wakaanza kutema.

"Hii haijaliona pipa lako!" Chibago alifoka. "Nimechemsha mwenyewe sukari na rangi, nikatia gongo!"



"Na yule panya?" mteja mmoja alimuuliza Matika.

"Panya gani?" alijibu, akijimiminia divai yake.