Kwa Nini Mpaka Ulijipinda Naiborri

Zama zile nchi ilikuwa haijakatwa vipande. Mmaasai alikuwa mtu wa pale mifugo yake iliponywea, basi. Katika bonde la Naiborri palikuwa na chemchemi moja. Nasieku, mke wa ole Mepukori, aliishi juu yake. Dada yake Silantoi aliolewa upande wa chini, umbali wa kuitana kwa sauti. Kila asubuhi walikutana majini.

Siku moja wakaja wapima ardhi na minyororo ya chuma na vibendera vyeupe. Hawakuomba maziwa wala hawakuuliza njia. Walichungulia kwenye chombo chenye miguu mitatu, wakabishana, kisha wakasimika jiwe hatua ishirini chini ya chemchemi. Walipoondoka walimwacha askari mmoja.

Kesho yake askari alimzuia Silantoi penye jiwe.

“Mama, hapa ndipo mwisho wa nchi yako.”

Silantoi akatazama nyuma, akatazama mbele. Majani yalikuwa yale yale. “Imeishaje, nami bado naiona?”

Askari akalionyesha jiwe kwa kidole. Naye alikuwa ameambiwa tu.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Ng'ombe wa Silantoi walisimama pale wakinusa maji wasiyoweza kuyafikia, wakilia. Siku ya tatu ndama wawili walianguka wasiinuke. Kilio kile kilimkosesha Nasieku raha hata ya kukamua. Akamwendea askari.

“Mwanangu, nani anayekataza? Ni wewe?”

“Si mimi, mama. Ni jiwe.”

Nasieku akalizunguka jiwe, akalipapasa. Halikuwa na mdomo. Alirudi nyumbani akili imemvurugika, akaunguza uji, akasahau jina la mbuzi wake mwenyewe. Jambo moja tu alilishika: kama jiwe ndilo linalokataza, likihamia pengine litakataza pengine.

Askari alipokwenda kufuata posho yake, dada wale wawili walilichimbua jiwe, wakalibingirisha hadi juu ya chemchemi. Ng'ombe wa Silantoi wakanywa mpaka matumbo yakajaa. Askari aliporudi alikuna kichwa, akaenda kusimama kando ya jiwe kama alivyoagizwa. Asubuhi Nasieku akaja na ng'ombe wake.

“Mama, hapa ndipo mwisho wa nchi yako.”

“Si juzi palikuwa kule?”

“Najua,” askari akasema kwa unyonge. “Lakini jiwe liko hapa.”

Nasieku akaketi chini, asijue acheke au alie. Silantoi akamwita kutoka ng'ambo ya maji, “Mdogo wangu, sasa tulipeleke wapi?”

Nasieku akayatazama maji. “Humo humo majini,” akasema mwishowe. “Tuone litamkataza nani.”

Wakaanza kulisukuma mchana kweupe, askari akiwatazama. Lilipokwama topeni alivua viatu akaingia kuwasaidia, maana naye alitaka kujua asimame wapi. Jiwe likatulia katikati ya chemchemi. Silantoi akanywesha chini yake, Nasieku akanywesha juu yake, na askari hakupata wa kumzuia.

Mvua zilipokaribia, wapima ardhi walirudi kuhakiki mstari waliokuwa wameuchora kwenye karatasi. Karatasi ilisema hivi, jiwe likasema vile. Walipima, wakapima tena, wakatupiana lawama kutwa nzima. Jioni mkubwa wao akapangusa jasho.

“Jiwe haliwezi kutembea,” akasema. “Sisi ndio tuliokosea.”

Akafuta, akachora upya.

Na tangu siku hiyo mpaka huteremka umenyooka kama mkuki, lakini ukifika Naiborri hujipinda kama kiwiko, ukaingia majini, ukatoka, ukaendelea na safari yake. Watu wa juu na wa chini hunywesha mifugo yao kwenye chemchemi moja. Nasieku mwenyewe alizeeka bila kulielewa jambo lile. Wageni walipomuuliza yeye ni wa nchi gani, kwanza alikuwa akimtuma mtu aende kuangalia jiwe liko wapi leo.