Shule ya Bi Pimbi na Madoa ya Chui

Mmekaa?

Tumekaa, bibi.

Mmekalia nini?

Tumekalia mkeka.

Masikio yako wapi?

Yako wazi.

Na midomo?

Imefungwa.

Imefungwa na inajibu. Haya, waongo wenzangu, twendeni.

Hapo zamani alikuwepo Chui. Chui huyo alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, alikuwa na tumbo lisilojua kusema basi. Na alikuwa na mke, na mke alikuwa na mama, na mama huyo kaja kuwatembelea. Siku ya kwanza Chui akampa mkwe wake maji ya kunywa. Siku ya pili akampa maji. Siku ya tatu maji. Si kwamba hakuwinda. Aliwinda. Kila siku alikamata kitu, na kila siku njiani alionja kidogo, akaonja tena, akifika nyumbani amebaki na damu kwenye masharubu tu.

Mkewe akamwita nyuma ya kichaka, maana mambo ya ndani hayasemwi mbele ya mkwe.

"Baba Tabu, kwenye harusi ya dada yangu, shemeji Fisi alileta ng'ombe mzima. Wewe ulileta kwato."

"Hayo ni ya mwaka juzi, mke wangu."

"Kwato moja. Na ulikuwa umeshailamba. Sasa nisikilize. Mama anaondoka leo jioni. Akiondoka hajala nyama, na mimi naondoka naye. Mzigo nimeshafunga."

Chui akashika njia, moyo mzito. Akawaza: nikikamata mmoja, nitamwonja akaisha. Lazima nikamate wengi, nionje hao wengine, wabaki wawili wa mkwe. Wengi wako wapi? Wengi wako kule Jabalini, kwenye shule ya Bi Pimbi.

Pimbi mnamjua. Yule wa kwenye mawe, mnene, hana mkia, ukimwona utasema mkate wenye miguu. Bi Pimbi alikuwa na wanafunzi kumi na wawili. Kengele hakuwa nayo. Fimbo hakuwa nayo. Ubao hakuwa nao. Watoto wenyewe ndio walioamua asubuhi wajifunze nini, na yeye akawafuata nyuma kama mbuzi anavyofuata majani. Majirani walikuwa wanamsema sana. Mwalimu gani huyo, anaulizwa na mtoto, na yeye anamuuliza mtoto.

Watoto walikuwa juu ya jiwe moja bapa. Nyuma yao korongo. Mbele yao ufa mmoja mwembamba, ndio mlango wao wa kukimbilia, pimbi anapita, mwingine hapiti. Chui akaja nyatu, nyatu, nyatu. Akaruka, pu! Akaukalia ufa. Akamkanyaga mtoto mmoja, Shija, kwa mguu wa mbele, akambana kwenye jiwe.

Hakuna pa kupita. Watoto wakasogeleana. Bi Pimbi moyo ukampiga du, du, du, lakini usoni hakuonyesha.

"Karibu, baba," akasema. "Umekuja kusoma?"

"Nimekuja kula," Chui akasema.

"Kula kupo. Ila hapa kwetu hakuna anayekula mpaka swali la asubuhi lijibiwe. Ndiyo desturi yetu."

"Desturi yenu inanihusu nini?"

"Wewe unaonaje, baba?"

 Tangu azaliwe Chui hajawahi kuulizwa anaonaje. Baba yake alimfundisha kuhesabu kwa makofi, kofi la moja, kofi la mbili, mpaka ishirini, na baba alipochoka mkono ndipo na hesabu zikaishia hapo. Sasa anaulizwa anaonaje. Akakuna sikio.

"Haya, lijibiwe upesi," akasema. "Nina mkwe nyumbani. Swali lenyewe lipi?"

"Bado halijaulizwa. Linatoka kwa mtoto. Nani ana swali?"

 Katoto kamoja ka kike, Nyamizi, kakainua mkono.

"Mjomba Chui, una madoa mangapi?"

"Mengi."

"Mengi ndiyo ngapi?"

Chui akamgeukia mwalimu. "Mtoto anamhoji mkubwa, na wewe unamwangalia?"

"Kauliza vizuri," Bi Pimbi akasema.

"Basi mjibu wewe. Si ndiwe mwalimu?"

"Madoa ni yako, baba. Nitayajuaje mimi?"

Shija, kule chini ya mguu, pumzi zenyewe za shida, akasema, "Hajui huyo. Kazaliwa nayo, kazeeka nayo, hajui."

"Najua," Chui akasema.

"Sema basi."

Ikamuuma. Akaanza kuhesabu kifuani. Moja, mbili, tatu. Kila namba anafumba jicho, anangoja kofi. Kofi haliji. Akashangaa. Nne, tano. Kofi haliji. Mbona tamu hivi? Akafika ishirini, akakwama.

"Ishirini," akasema. "Yameisha."

"Na hili hapa?" Nyamizi akamwonyesha.

"Hilo halina namba."

"Hilo ni ishirini na moja, mjomba."

"Kumbe inaendelea?"

"Inaendelea."

"Inaishia wapi?"

"Wewe unaonaje, mjomba?"

Chui akatazama huku, akatazama kule. Nani anafundisha, nani anafundishwa? Amekuja kula watoto, watoto wanampa namba. Kichwa kikaanza kumzunguka, wiri, wiri, wiri. Lakini hakuacha. Ishirini na mbili, ishirini na tatu. Akamaliza kifua, akamaliza mguu wa kushoto, arobaini na moja.

"Na mguu wa kulia?" Bi Pimbi akauliza. "Kuna madoa kwa chini huko, hujayaona."

"Mguu huu una kazi."

"Basi sema arobaini na moja tufunge somo. Watoto wataandika, Chui ana madoa arobaini na moja."

"Uongo," watoto wakasema wote pamoja.

"Si uongo," Chui akasema, "ila hayajatimia." Akaunyanyua mguu wa kulia, akaugeuza, akauchungulia. Arobaini na mbili, arobaini na tatu. Shija huyo akaserereka taratibu, akaenda kwa wenzake. Chui hakumwona. Alikuwa kwenye hamsini.

Akageukia ubavu. Sitini, sabini. Akipumua, ubavu unatanuka, madoa yanakimbia, hesabu inapotea. Akarudia mwanzo. Akaziba pumzi, macho yakamtoka.

"Nisaidieni nyie," akasema.

Watoto wakahesabu. Mmoja akasema themanini na tatu. Mwingine akasema tisini. Wakabishana, wewe umehesabu moja mara mbili, wewe umeruka la kwenye kwapa.

"Yupi kasema kweli?" Chui akamuuliza Bi Pimbi.

"Wewe unaonaje, baba?"

"Mimi ndiyo nakuuliza wewe!"

"Na mimi ndiyo nakusikiliza."

Chui akahisi kama akili imetiwa kwenye kinu. Hasira ilikuwepo, lakini hakujua aielekeze wapi. Fimbo hakuna, kofi hakuna, aliyekosa hakuna. Kilichobaki ni hilo swali tu, limemkwama kama mfupa. Ana madoa mangapi?

"Tuseme huku mbele ni themanini na tano," Bi Pimbi akasema. "Na hayo uliyoyakalia?"

Chui akajitazama nyuma. Kweli. Ameyakalia. Akasimama.

Akaugeuza mwili kuyaona makalio yake. Akigeuka, nayo yanageuka. Akiyafuata, nayo yanakwenda. Themanini na sita, akageuka. Themanini na saba, akageuka. Akazunguka kama jiwe la kusagia, wiri, wiri, wiri, mkia mdomoni ili usimpotezee hesabu.

Ufa uko wazi. Mtoto wa kwanza, churupu. Wa pili, churupu. Nyamizi, churupu. Shija, anachechemea, churupu. Mpaka wa kumi na wawili. Bi Pimbi akawahesabu wote kwa kuwagusa mgongoni, ndipo na yeye akaingia, akabakiza pua nje.

"Umefika ngapi, baba?"

"Mia na tisa," Chui akasema, mkia bado mdomoni. "Au mia na kumi. Usinipoteze."

"Sikupotezi," akasema Bi Pimbi, churupu.

Chui alipokuja kuinua kichwa, jiwe liko tupu. Njaa ikarudi. Jua linazama. Akaingiza kucha kwenye ufa, hola. Akarudi nyumbani mikono mitupu, lakini mdomoni anaendelea, mia na kumi, mia na kumi na moja, na kuna sehemu moja mgongoni jicho lake haliifikii hata afanyeje.

Mkewe kasimama mlangoni. "Nyama iko wapi?"

Chui hata hakusikia. Akapita moja kwa moja mpaka alipokaa mama mkwe, akageuka, akainama mbele yake.

"Mama," akasema, "hebu nihesabie hapo mgongoni. Kuanzia kwenye kiuno kushuka chini."

Na huko kwao ni kama kwetu. Mwanamume humpa mama mkwe kikombe kwa mikono miwili, macho chini, wala hamkaribii. Huyu kamwinamia na makalio. Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga, akanyanyuka, akashika njia bila kuaga. Mkewe akaweka mzigo kichwani, akamfuata mama yake.

Chui akabaki ameinama pale pale, anangoja aambiwe ngapi.

Nimeitua hapo. Iliyomkolea aimeze, isiyomkolea aitie chumvi akamhadithie mwenziwe.

Funzo sasa. Mtoto asiulize maswali. Mwalimu asiye na fimbo mwogopeni, atawaharibu. Na hesabu ni kitu kibaya, huvunja ndoa za watu. Kesho saa moja wote shuleni, mkae wima, mnyamaze.

"Lakini bibi, wale wamepona kwa sababu Nyamizi aliuliza."

Wewe nani kakuuliza? Nenda kaoshe vyombo.