Gari la Uani

Gari la uani hufa kwa moshi wake. Mnacheka, wajukuu? Methali hii si ya kale, na ina mwenyewe. Ilizaliwa hivi.

Pale Makambako aliishi Bi Sekela. Mumewe, Ngailo, alipofariki alimwachia nyumba, kimya, na gari la dizeli alilolipenda kama mboni ya jicho. Bi Sekela alijua kuendesha, ila baada ya matanga hakuona pa kwenda. Mdogo wake, Tusajigwe, alikuwa akimpigia simu kutoka Tukuyu: "Dada, njoo ukae kwangu kidogo." Alijibu, "Nitakuja," asiende.

Lakini kila asubuhi aliliwasha gari palepale uani, eti lisife, akaliacha lingurume mpaka chai yake ipoe. Ukweli ni kwamba aliutaka ule mlio. Ukisikika, nyumba ilikuwa kama ina mtu. Upweke ulimla, wala hakumwambia yeyote.

Siku moja taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, gari likaisha nguvu. Akamwita Fundi Mgaya.

"Mama, chujio la masizi kwenye bomba la moshi linaziba. Kununua jipya, labda uliuze gari lenyewe."

Bi Sekela akashika boneti. "Usiniambie niliuze, mwanangu. Ndiye niliyebaki naye."

"Mara ya mwisho ulikwenda nalo wapi?"

"Haliendi popote. Nalipasha moto hapahapa kila siku."

"Basi ndiyo unaliua hivyo! Likienda safari, chujio hupata moto, masizi yakaungua yenyewe. Hapa uani yanajazana tu. Halijaziba kabisa, lipe barabara ndefu leo hii. Huna ndugu wa mbali?"

Swali hilo lilimchoma. Akachukua vitenge viwili, akafunga mlango, akashika barabara ya kwenda Tukuyu.

Alipoipita Igawa, machozi aliyoyabana tangu mazishini yalimtoka, akalia kwa sauti huku ameshika usukani. Alipoyafuta, karibu na Chimala, ile taa ya njano ilikuwa imezimika.

Tusajigwe alimkuta langoni. "Dada! Nilidhani umenisusa. Mbona macho mekundu? Gari limekusumbua?"

"Limepona. Gari la uani hufa kwa moshi wake, mdogo wangu. Na mimi nilikuwa njiani kufa hivyohivyo."

Asubuhi yake walikunywa chai ikiwa moto, wawili, na hakuna aliyekumbuka kuliwasha gari.

Basi mkimwona mtu amejifungia na majonzi yake, msiishie kumpa pole. Mgongeeni mlango, mwambieni: gari la uani hufa kwa moshi wake.