Fisi Atafuta Shahidi wa Uhai Wake

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na ghala!

Na ufunguo kashika nani?

— Fisi!

Basi tumekwisha. Sogeeni. Na wewe unayesinzia pale ukutani, ukikoroma nitatangaza umekufa, na leo mtasikia jinsi hilo lilivyo jambo zito.

Hapo kale wanyama wa bonde moja walianzisha bima. Kila mavuno, kila mnyama alipeleka fungu lake ghalani: huyu karanga, huyu mtama, huyu makopa ya muhogo. Patano lilikuwa jepesi. Mmoja akifa, aliowaacha watakula kutoka ghalani mpaka mavuno mengine. Likabaki suala la ufunguo. Wakampa Fisi, kwa sababu ndiye aliyeuomba kwa adabu kuliko wote. Msiniulize walikuwa na akili gani. Hata ninyi mmewahi kupiga kura.

Mzee Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, hakukosa mavuno hata mamoja. Tipu tipu tipu, na kikapu chake cha karanga. Siku moja alikuwa akivuka mto, maji yakaja kwa ghafla, bwaaa, yakamchukua. Chura alikuwa ukingoni, akaona yote, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nyumbani, ng'ambo ya mto, akabaki mjane, binti mkubwa, na wadogo wasiojua kazi ila kufungua vinywa. Na kiangazi ndicho hicho kinaingia.

Binti akaenda, tipu tipu tipu, mpaka ghalani. Akaamkia, akaeleza. Fisi akatafuna, akameza, akasema pole sana, ila sheria ni sheria, alete mwili. Binti akasema mwili umekwenda na mto. Fisi akasema basi hakuna aliyekufa. Njoo kesho.

Kesho yake, tipu tipu tipu, akaenda na Chura. Fisi akamtazama Chura juu mpaka chini, safari fupi, akasema shahidi hatakiwi kuwa ndugu, na jirani ni ndugu. Njoo kesho.

Kesho yake, tipu tipu tipu, akaenda peke yake.

"Binti, mimi nina huruma," Fisi akasema. "Mlete baba yako mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba amekufa, nami nitafungua."

"Akija si atakuwa hai, Bwana Fisi?"

"Akiwa hai, bima ya nini?" Akacheka, hii-hii-hiii, makombo ya karanga yakamtoka puani.

Binti Sange hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kwa upole: je, mtu akija akasema mwenyewe kwamba yu hai, hilo linatosha? Fisi, ambaye sheria zake zilipinda kila zilipoulizwa, akajibu kwamba kwake hakuna anayejishuhudia. Hai au maiti, lete shahidi asiye ndugu wala jirani. Binti akamshukuru, akaenda zake.

Kilichomuuma Sange si njaa peke yake. Maadamu Fisi amesema mzee hajafa, hakuna aliyethubutu kuweka tanga. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepika. Mama yake alikuwa akimlilia mumewe kwa kujificha, kama ameiba kitu. Hilo Sange hakulisamehe.

Sasa, Fisi alikuwa na desturi yake. Jua likiwa utosini na tumbo limejaa, alitundika kofia na ufunguo mlangoni pa ghala, akaenda pangoni kulala. Siku hiyo Sange akairukia ile kofia, akaichukua, akaichovya mtoni, chubwi, akapita bonde zima akilia kwamba mto umemchukua Fisi, na kofia hii hapa.

Hakuna aliyeuliza shahidi. Habari tamu haiulizwi shahidi. Ngoma ikalia, ti-ti-ti, ghala likafunguliwa, wakatoa cha kupikia msiba, majungu yakatelekwa. Sange hakuonja hata punje. Alikuwa anangoja.

Akaja Nyani, mtani wa Fisi. Mnaujua utani: mtani akifika msibani anavaa vya marehemu, anaiga mwendo wake na sauti yake, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Nyani akaivaa ile kofia mbichi, akashusha makalio, akapita kati ya waombolezaji akisema, "Sijafa jamani, mimi mzima, nani kala makopa yangu?" Watu wakacheka mpaka wakashikana.

Kule pangoni, harufu ya jungu ikamwamsha Fisi. Akaja mbio na sahani, akasimama kwenye foleni, akauliza kafa nani. Akaambiwa kafa Fisi. Sahani ikaanguka, kwa!

"Sijafa jamani, mimi mzima! Nani kala makopa yangu?"

Wakapiga makofi. Wakasema watani mwaka huu wamejitahidi, wameleta wawili. Wengine wakasema huyu wa pili hajui kazi, sauti si yenyewe. Wakamtaka acheke. Fisi akacheka, hii-hii-hiii, jasho likimtoka. Nyani naye akacheka. Wote wakakubaliana kwamba Nyani ndiye Fisi hasa.

Fisi akamwona Sange, akamwangukia, akamsihi awaambie yeye ni nani.

"Lete shahidi," Sange akasema. "Asiye ndugu wala jirani."

Fisi akatazama huku na huku. Wote walikuwa majirani zake, isipokuwa huyu mdogo wa ng'ambo ya mto.

"Wewe," akanong'ona. "Nishuhudie wewe."

"Nishuhudie baba yangu kwanza. Kwa sauti, mama asikie."

Ngoma zikanyamaza. Fisi akainamisha kichwa, akasema mbele ya bonde zima, "Mzee Sange amekufa. Mto ulimchukua. Aliweka fungu lake kila mavuno, na watoto wake wapewe haki yao."

Sange akafuta macho. Akasema huyu kweli ni Fisi, anamjua kwa makombo ya puani. Wanyama wakahuzunika sana, na kwa mara ya kwanza siku ile yakaonekana machozi ya kweli.

Lakini majungu yalikuwa yameiva, na chakula cha msiba hakirudi ghalani. Wakahamia kwa mjane, wakaweka tanga. Chura, mtani wa ukoo wa Sange tangu babu na babu, akajichomeka kijiti puani, akabeba kikapu, akapita, tipu tipu tipu, pua ikichezacheza vilevile. Mjane akacheka, akalia, akacheka tena. Wadogo wakala mpaka wakalala na karanga mikononi.

Funzo lake, wanangu: usife ovyo. Ukitaka kufa, tafuta kwanza shahidi asiye ndugu wala jirani, muage vizuri, ndipo ufe. Na ufunguo wa ghala mpeni Fisi, kwani anajua sheria.

Ngano yangu nimeirudisha ghalani, mlango nimefunga. Aliyebaki na njaa akamdai Fisi.