Kwa Nini Mto Uliihama Mpondoni

Kaeni hapo hapo kwenye ngazi, zimeshapoa. Wageni mkizipiga picha mnacheka: bandari gani hii, ngazi zinashuka mchangani? Chekeni tu. Rufiji nzima hakuna anayeijua habari hii kama mimi. Hata waliokuwepo hawakuiona vizuri kama ninavyoisimulia.

Zamani mto ulipita hapa, maji yanalamba hapo ulipoweka mguu, mama. Na ilikuwa bandari, bwana! Mitumbwi ilibanana mpaka mbuzi anatembea juu yake, anafika kwenye maghala hajalowa kwato. Wali ukipikwa Mpondoni, watu wa Mafia walisikia harufu wakanawa mikono.

Mvushaji alikuwa babu yetu wa kale, Ngwali. Akisimamisha pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, mto unampisha. Mtu akiita kutoka ng'ambo, "Nivushe!", Ngwali anajibu, "Najaaa!" Halafu haendi. Anamaliza ugali wake, anamaliza na hadithi yake, ndipo anainuka. Ikawa utani wa mji. Mwanamume akisema naja, mkewe anamuuliza, "Naja ya kweli, au ya Ngwali?"

Mwaka mmoja mkewe Ngwali, Sihaba, alikwenda kujifungulia kwa mama yake, ng'ambo. Siku ya kurudi, mtoto mgongoni, alitembea kwenye maji ya kifundoni mpaka kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, wanaposubiria wavukaji, akaita. Huku jua linawaka, kumbe bara, mto unakotoka, mvua imemwagika.

Ngwali alikuwa anawasimulia wachuuzi alivyombeba kiboko begani.

"Najaaa!"

"Ngwali," akasema mwenzake Mbonde, "sauti hiyo ya mkeo."

"Basi si mgeni, kanizoea. Najaaa!"

Sauti ikaja tena, nyembamba: "Ngwali! Maji!"

Wakaangua kicheko. "Yuko katikati ya mto, anaomba maji!" Ngwali mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa. Waliponyamaza, ng'ambo nako kumenyamaza. Wakageuka kutazama. Fungu halipo.

Ngwali akarukia mtumbwi. Akaita, "Sihabaa!" Mbele yake, kutoka majini, sauti ikamwitikia, "Najaaa!" Akaifuata. Akaita tena, ikaitika mbali zaidi, kule kwenye mashamba ya mpunga. Kila akiita, sauti inaitika na haiji. Na mto wote ukamfuata nyuma, ukajichimbia njia katikati ya mpunga, ukaenda zake. Hapa yakabaki matope, na samaki wanatapatapa kwenye ngazi hizi. Ngwali hakuonekana tena. Mbeleko ya Sihaba ilikutwa imenasa kwenye pete hii ya chuma, ya kufungia mitumbwi. Iguseni. Hata juani ni ya baridi.

Na tangu siku hiyo mto unapita mbali na sisi. Mvua za bara zikija tunakaa hapa kuusikiliza. Unanguruma kule kwenye mpunga, unasema naja, na hauji. Maghala yakaoza, watu wakahama. Na sisi tuliobaki, mtu akituita, neno hilo hatulitamki. Mtoto akilitamka, bibi yake anamziba mdomo kwa kiganja.

Nilikuwa niwaambie pia alivyombeba yule kiboko. Lakini mmesikia? Mke wangu ananiita pale juu. Hakuna mtu wa maneno mji huu kunishinda mimi, na tazameni: naondoka kimya.