Nyumba ya Magogo ya Sultani Jabiri

Hapo zamani, wakati ambapo mwenye tumbo kubwa alidhaniwa kuwa na akili kubwa, palikuwa na Sultani aitwaye Jabiri, akitawala mji wa Shungwi, mji wa joto jingi mno. Alikuwa na nyumba ya mawe yenye vyumba ambavyo vingine hajapata kuvitia mguu. Basi siku moja akafika msafiri, akamsimulia habari za mfalme wa nchi ya barafu, akaaye katika nyumba ya magogo matupu. Tangu siku hiyo Sultani akawa hali akashiba. Aliona ni aibu kubwa kwamba yeye, atokwaye jasho tangu alfajiri, hana nyumba ya kumkinga na barafu.

Katika mji ule alikuwako maskini mmoja, jina lake Hizza, kazi yake kuchonga mizinga ya nyuki. Hakuwa na mbele wala nyuma, ila ulimi. Mizinga yake aliitundika katika msitu mdogo wa mivule uliozunguka chemchemi ya mji, na nyuki walikaa katika magogo yake miaka nenda miaka rudi, wala hakutokea hata mmoja aliyelalamika kuwa mlango umeelekea kubaya. Sultani akaambiwa kwamba mjuzi wa magogo ni huyo, akamwita.

"Ewe Hizza," akasema, "utanijengea nyumba ya magogo. Mivule ile ya chemchemini yatosha. Ikate yote."

Hizza akaiwaza chemchemi. Mivule ile ikianguka, jua litaikausha chemchemi, na mji mzima utakunywa nini? Lakini alijua kwamba anayemwambia Sultani "hapana" huondoka barazani bila kichwa, naye kichwa chake, ingawa hakikuwa na kilemba, alikipenda. Akainama.

"Amri yako naiweka kichwani, bwana wangu. Ila sisi mafundi tuna desturi. Mwenye nyumba hutaja masharti yake yote mbele ya mashahidi, karani akaandika, kisha yeye na fundi wakala halua katika sahani moja. Baada ya halua hakuna kuongeza wala kupunguza. Nyumba ikitimiza masharti, mwenyewe huipokea."

Sultani akafurahi, maana hakuna alichokipenda kama kusikilizwa akitaja anayoyataka. Akamgeukia karani. "Andika. Magogo ya nyumba yangu yasiliwe na mchwa milele."

Waziri Sefu, ambaye hakupata kunyamaza palipokuwa na nafasi ya kujipendekeza, akadakia, "Na yasioze kwa mvua, bwana wangu, hata miaka mia!"

"Na paa lijiezeke lenyewe kila mwaka," akasema Sultani. "Waezekaji wamenichosha."

"Na walinzi, bwana wangu! Wakali, wasioomba posho!"

"Vyema. Tena andika, atakayelijeruhi gogo moja la nyumba yangu, awe awaye yote, mkono wake ukatwe."

Hizza akauliza kwa unyenyekevu kama bwana wake hapendi pia nyumba hiyo iimbe. Sultani akafikiri sana, akajibu, "Naam. Iimbe asubuhi." Karani akaandika, akijiuma midomo. Sultani akatia muhuri, halua ikaletwa, wakala. Hizza alikula kwa bidii, maana tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni.

"Siku saba," akasema Sultani akipangusa vidole. "Isipokwisha, nitachukua kichwa chako."

Ikawa siku sita Hizza amejinyosha kitandani. Mkewe, Mwanaidi, akalia hata sauti ikamkauka. "Baba Chano, wataka kuniacha mjane? Hujashika hata shoka!"

"Nyamaza, mke wangu. Nyumba imekwisha zamani. Namngoja mwenyewe tu."

Asubuhi ya siku ya saba akaenda chemchemini, akafagia majani, akatandika mkeka katikati ya mivule. Basi Sultani akaja kwa ngoma na matarumbeta, na watu wa baraza nyuma yake. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Iko wapi nyumba?"

"Umo ndani yake, bwana wangu. Mlango umeupita sasa hivi, kati ya mivule ile miwili. Karibu mkekani."

Sultani akaiva kwa hasira. "Hii ni miti! Mimi nilitaka magogo!"

"Karani na asome," akasema Hizza.

Karani akasoma. Hizza akaeleza, "Gogo likilazwa chini, mchwa hufika kabla ya fundi. Lisiloliwa ni hili lililosimama juu ya mizizi yake, na mvua badala ya kuliozesha hulinenepesha. Paa hupukutika na kuchipua upya kila mwaka. Na nyumba, sikiliza, yaimba." Kweli, ndege walikuwa wakipiga kelele huko juu kama walioajiriwa.

"Upuuzi!" akapiga kelele Waziri Sefu. "Walinzi wako wapi?" Akachomoa upanga, akaupiga mvule uliokuwa karibu, kwa nguvu zote, ili kila mtu aone kuwa ni mti tu. Mzinga uliokuwa juu ukatikisika. Walinzi wakatoka, wala hawakuomba posho. Waziri akatimua mbio, kilemba kikabaki. Sultani akajitupa chini, akajifunika mkeka.

Nyuki walipokwisha kumfuata Waziri, Hizza akainama penye mkeka. "Bwana wangu, mkono wa Waziri tuukate leo, ama kesho?"

Mkeka ukaanza kutikisika, na Sultani akatoka akicheka hata machozi yakamtoka. "Mwacheni! Nyuki wamekwisha kumhukumu. Nawe Hizza, nyumba nimeipokea. Utakuwa msimamizi wake, na chakula chako kitatoka jikoni kwangu."

Basi tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuigusa mivule ile kwa shoka, na watu wa Shungwi wakateka maji yao kwa raha. Sultani alirudi katika nyumba yake ya mawe, wala hakupata kulala kwenye ile ya magogo hata siku moja. Lakini kila mgeni alipokuja, alimsifia uimara wa nyumba hiyo, akiapa kwamba tangu ijengwe, barafu haijapata kupenya humo hata chembe.